Excellence na Seng'enge ya Kashanja

Goma, Keshero, 17 juni 2024

Excellence Célestin, mudogo wangu,

Pokea salamu kwa heshima yote ya cheo chako, na kama haitoshi ongeza mwenyewe, maana mimi protocole sikuisoma. Huku tunapumua. Bénita wangu amefaulu mitihani, ukuta wa nyuma ulianguka na mvua tukausimamisha tena, na fromage, ile jibini ninayouza sokoni, inapatikana kwa shida kwa sababu barabara ya Masisi imefungwa na vita. Papa yuko kwangu tangu februari. Aliteremuka kutoka Kashanja pamoja na watu wote wa kilima, na radio yake, na koti yake ya ndoa. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo kila utakachoandika ni mimi nitamusomea. Chagua maneno yako vizuri.

Usishangae kupokea barua mu wakati huu wa telefone. Nilipiga. Akaitika bwana mumoja anaitwa Rodrigue, akasema yeye ni directeur wa cabinet, musimamizi wa ofisi yako, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni yaya wake, dada yake mukubwa. Akasema Excellence amepata mayaya wengi tangu wiki jana, afadhali niandike barua. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Siku walitaja jina lako mu télévision, Ministre délégué wa Malisho, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna musiba. Wewe, Célestin, uliyekuwa unapanda juu ya ukuta wa kanisa kwa woga ng'ombe ya Papa ikikuangalia tu. Lakini kule Lac Vert, mu mahema wanamoishi watu wetu wa Kashanja, hawakucheka. Walicheza mpaka vumbi ikawafunika. Wanasema Profesa Taïwan sasa ni mukubwa. Wanakumbuka kwamba ulienda kusomea udaktari wa vitabu Taipei, na huko ukaandika kitabu kizima juu ya kilima chetu: namna watu walilima Kashanja tangu zamani za babu, na namna tajiri mumoja alikuja na karatasi ya Kinshasa, akazungusha seng'enge, akaita ferme ya ng'ombe, na wakulima wakawa wageni mu mashamba yao. Wanakumbuka pia kwamba kaburi ya Mama iko ndani ya ile seng'enge, na za mama zao vilevile.

Papa hakucheza. Aliketi, akaniambia nikuulize swali moja tu: "Atasema lini kule juu yale aliyoandika?"

Najua una kazi nyingi. Kiti cha waziri ni laini, mutu anahitaji muda kukizoea. Lakini jibu.

Yaya yako wa kweli,
Émérance


Kinshasa, 9 agosti 2024

Mpendwa dada Émérance,

Ninayo furaha kukujulisha kwamba barua yako ilitufikia na imepewa uzito unaostahili. Familia yangu yote ni wazima. Mke wangu Bénédicte anazoea makao mapya, na watoto wamebadilisha shule. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mafaili ni mengi.

Nawapongeza watu wa Kashanja kwa imani yao kwa serikali. Hata hivyo, mtu anayeingia wizarani hawezi kuanza kwa kupiga kelele. Na kwa wale wanaonicheka kwamba mtu wa vitabu hajui siasa, ningependa uwakumbushe habari za mwalimu wangu wa Taipei, Profesa Yeh. Alizaliwa katika familia ya wakulima wa mpunga, akasoma kwa kufadhiliwa, na maisha yake yote aliandika kuhusu ardhi za watu wa milimani wa kisiwa chao, watu ambao kila utawala uliokuja uliwasukuma juu zaidi. Alipokaribia kustaafu, serikali ilimwita awe waziri. Wenzake wa chuo walimdhihaki. Yeye alijibu kwamba kama vitabu havisomwi ofisini, basi mwenye vitabu aingie mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiandika tasnifu yangu chini yake wakati ule, na nilijiambia: siku moja.

Natuma picha kwa ajili ya Papa. Niko mezani kwangu. Anayesimama nyuma, aliyeniwekea mkono begani, ni Mheshimiwa Paulin, rais wa chama chetu, aliyenipendekeza kwa cheo hiki.

Tafadhali waombe watu wa Lac Vert wasiwe na matumaini ya haraka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Prof. Dr. Célestin, Waziri Mjumbe


Goma, 2 septemba 2024

Ndugu yangu katika ujenzi wa taifa,

Tumepokea barua yenu. Nasema yenu kwa sababu naona mulikuwa wengi kuiandika. Zamani ulikuwa unaandika mutu na muke kama sisi. Sasa unaandika mtu na mke kama tangazo la wizara. Hongera. Huku tuko wazima, ila mabomu ya upande wa Sake tunayasikia tukila, na Papa ameshikwa na kikohozi.

Picha ni nzuri. Kiti ni kikubwa kuliko kitanda changu. Papa aliisogeza karibu na macho, akaniuliza huyu wa nyuma ni nani. Nikasema ni mutu wa kusafisha madirisha. Mungu anisamehe. Maana, Célestin, mimi kitabu chako nilikisoma, hata kurasa zenye Kifaransa cha kuvunja meno, na jina la mwenye ferme ya Kashanja liko pale wazi: Paulin. Labda ni Paulin mwingine. Mu Congo hii wako wengi, na labda kila mumoja anapewa kilima chake siku ya ubatizo. Wewe ndiye profesa, nieleze.

Unieleze na jambo lingine. Umeandika vizuri sana namna Profesa Yeh aliingia mu serikali. Hukuandika namna alitoka. Papa pia ameona. Aliniambia nimusomee mwisho, nikamujibu mwisho haikuwemo mu bahasha.

Watu wa Lac Vert nimewapa ujumbe wako juu ya matumaini. Mama mumoja alisema wao hawana haraka yoyote. Mahema tu ndiyo yana haraka, yameanza kupasuka.

Émérance


Kinshasa, 30 septemba 2024

Dada,

Sisi wazima. Pole kwa kikohozi cha Papa. Anayeleta barua hii amebeba dawa.

Profesa Yeh alirudi kufundisha.

Tarehe 14 oktoba nitajibu maswali ya wabunge, na itatangazwa redioni. Ninavyojua, mawimbi hayafiki vizuri Goma wakati wa mvua, na kwa afya yake ingekuwa vema Papa apumzike siku hiyo. Labda betri za redio yake zimekwisha. Kama hazijakwisha, nakuachia wewe busara.

Kuhusu Paulin, tutaongea tukionana.

Célestin


Goma, 21 oktoba 2024

Ndugu yangu,

Asante kwa dawa, kikohozi kimepungua. Bénita anakusalimia. Habari njema kwanza: mawimbi yalifika. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na wewe ulisikika kama umekaa ndani ya sufuria yetu.

Betri sikutoa. Labda ningetoa, lakini Papa alikuwa amekwisha kwenda Lac Vert na radio chini ya mukono, amevaa koti ya ndoa. Nilimukuta wamemukalisha mbele juu ya kiti cha plastiki, watu wa kilima wamemuzunguka, waliokosa nafasi wamesimama nje chini ya miavuli. Ulipoanza kusema, hata watoto walisogea karibu. Tukasikia salamu kwa Raisi, kwa mukubwa wa Bunge, kwa wenzako wa serikali. Kweli umejifunza. Halafu mubunge mumoja akakuuliza juu ya wakulima waliofukuzwa Kashanja. Nawe ukajibu bila hata kukohoa: "Kashanja haijawahi kuwa na wakulima. Hizo ni habari za uvumi."

Watu wote walimuangalia Papa. Papa alizima radio, akasema polepole, sawa vile mutu anayejaribu kukumbuka: "Sauti inafanana na ya Célestin."

Akasimama, watu wakamupisha. Nilitaka kusimamisha pikipiki, akakataa. Tulitembea mu mvua mpaka Keshero, na njia yote aliniongelesha juu ya bei ya makala, mukaa wa jikoni. Jina lako hakulitaja, na mpaka leo hajalitaja.

Sikutukani. Nataka tu maelezo ya kiserikali. Mwanzo wa novemba kila mutu atawakumbuka wafu wake, na sijui nimuwashie Mama mushumaa nikielekea upande gani. Excellence, Mama alizikwa wapi? Ndani ya uvumi?

Émérance


Kinshasa, 18 novemba 2024

Yaya Émérance,

Hii naandika kwa mukono wangu, ku meza ya jikoni, na Rodrigue hataiona. Watoto ni wazima. Bénédicte hanisemeshi tangu siku ile ya Bunge. Anapika, anaweka sahani mbele yangu, anatoka.

Ile sentensi si mimi niliiandika. Asubuhi ile Paulin alikuja mwenyewe ku bureau na kikaratasi, akakiweka mu faili yangu katikati ya majibu mengine, akaninyoosha hata cravate shingoni. Alisema wakiniuliza nisome tu, haitachukua muda. Na kweli, haikuchukua muda.

Uliomba mwisho wa Profesa Yeh. Ni huu. Wakubwa wake walitaka hoteli ijengwe juu ya ardhi ya kijiji kimoja cha milimani, penye maji ya moto. Wakamupa jibu la kusomea wabunge: kwamba mahali pale hapakuwa na watu. Mimi nilikuwa bado Taipei, tulimuangalia mu télévision ya kantini, wanafunzi wake wote. Alisoma mpaka katikati, akavua miwani, akasema: "Samahani. Kijiji hiki nimelala ndani yake, nimekula kwao, nimeandika kitabu juu yao." Akakunja karatasi, akaketi. Baada ya siku chache hakuwa waziri tena. Alirudi ku université, wakamupa chumba kidogo kando ya choo, akafundishia humo mpaka alipostaafu. Hoteli ilijengwa, lakini pembeni, kijiji kilibaki. Niliwahi kumuuliza kama aliogopa. Alisema aliogopa sana, ila aliogopa zaidi siku atakaporudi kule mulimani na wale watu wamukaribishe chakula.

Mimi niliposimama pale nilimukumbuka, Yaya. Nilimuona kabisa, miwani mukononi. Na nikasoma mpaka mwisho. Yeye alikuwa na chumba kando ya choo cha kurudilia. Changu cha université wamekwisha kumupa mwingine. Najua hiyo si sababu. Nimeiandika tu nione inafanana na nini ku karatasi.

Usimusomee Papa hii. Musalimie.

Célestin


Goma, 12 desemba 2024

Mudogo wangu,

Safari hii nakusalimia bila cheo, maana barua yako ilinuka jikoni, nikajua ni wewe. Sisi tuko. Bénita ameanza kukohoa pahali pa Papa, lakini si kitu.

Nilimusomea. Yote. Aliponisikia nimefika pa Profesa Yeh akaniambia nirudilie. Nilipomaliza akauliza watu wa radio ya hapa Goma wanafanyia kazi upande gani. Nikadhani anatafuta fundi.

Siku iliyofuata akavaa koti, tukaenda. Mwandishi wa habari anaitwa Charline, musichana mwenye sauti ya upole na maswali ya sindano. Papa akasema mu micro kwamba yeye ni Viateur, baba ya waziri wa Malisho, na amezaliwa Kashanja. Akataja nani alilima wapi, kutoka mutoni mpaka juu ya kanisa, watu na baba zao. Akasema muke wake amelala pale ng'ombe za ferme zinapokunywa maji. Charline akamuuliza: "Basi Papa, waziri ambaye ni mutoto wenu anasema uwongo?"

Papa akafikiri. "Hapana," akasema. "Waziri hana muda wa kusema uwongo mwenyewe. Wanamuandikia."

Goma nzima imecheka. Sasa ukipita na karatasi mukononi, watu wa pikipiki wanakuuliza kama na wewe wamekuandikia.

Najua ile ilitoka mu barua yako, na ulinikataza kuisoma. Najua pia ningeweza kusimama mulangoni Papa akitoka. Sikusimama. Nadhani itakuharibia kazi. Nakuambia tu kabla Rodrigue hajakuambia.

Émérance


Kinshasa, 17 januari 2025

Yaya,

Rodrigue aliitangulia barua yako. Aliniwekea sauti ya Papa ku meza, mu telefone, akaangalia dirisha nikisikiliza. Nilipofika pa ile ya kuandikiwa nikacheka, na Rodrigue naye akacheka, halafu akakumbuka yuko kazini.

Paulin hakucheka. Aliniletea communiqué, tangazo lililokwisha kupigwa mashini, ilibaki signature yangu tu. Ilisema kwamba mimi Célestin nasikitika kutangaza kuwa baba yangu ni muzee, akili zake zimechoka, na maadui wa nchi wamemutumia. Akanipa kalamu yake mwenyewe.

Usifikiri nilikuwa hodari. Niliishika ile kalamu na nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Halafu nikafikiri: hii Émérance atamusomea. Nikamuona Papa akisikiliza mpaka mwisho, kisha akikuuliza bei ya makala. Nikaweka kalamu. Nikasema: "Kichwa cha baba yangu ni kizima. Kashanja ilikuwa na wakulima. Mimi ni mutoto wao." Sauti ilinitoka ndogo sana, hata Paulin akaniambia nirudilie. Nikarudilia. Akachukua kalamu yake, akaipangusa, akaondoka.

Kufukuzwa kwangu nilikusikia mu télévision kama watu wengine, tukiwa mezani na watoto. Bénédicte akaniongezea samaki. Nilikuwa nimesahau anavyofanana akinitazama.

Ile herufi yangu bado iko ku communiqué yao. Labda watamalizia wenyewe.

Wiki ijayo tunahama nyumba ya serikali. Mwisho wa mwezi nitapanda ndege ya Goma. Usimuambie Papa, nitamuambia mwenyewe.

Célestin


Goma, 6 aprili 2025

Célestin, mudogo wangu,

Barua yako ya januari imenifikia juzi, imezunguka Kigali na kupasuka pembeni. Mwisho wa januari hakukuwa na ndege, na tangu siku ile hakuna. Sababu unaijua: vita viliingia mujini, na wakubwa wapya. Hii inavuka mpaka mu mukoba wa mama mumoja anayeuza mboga Gisenyi, kwa hiyo majina mengi siandiki. Tuko hai. Madirisha yalivunjika, tumeweka carton. Bénita alilala chini ya meza wakati ule wote, na sasa amerudi shule, ila mulango ukipigwa na upepo anasimama.

Mahema ya Lac Vert hayako tena. Watu waliambiwa warudi makwao, wakarudi, hawakupewa nafasi ya kufikiri. Papa alikwenda nao. Nilimukataza, nikamufichia hata koti. Aliondoka bila koti.

Wiki iliyopita nilipanda kumuona na chumvi na blanketi. Seng'enge iko pale pale. Watu wa Paulin hawako tena. Mulangoni wamesimama walinzi wengine wa wakubwa wengine, na kwa adabu kabisa wakaniambia kwamba hapa hapajawahi kuwa na wakulima. Nilitaka kuwauliza kama ni wanafunzi wako. Unaona, waziri alikwisha, lakini sentensi yake iliendelea na kazi, hata serikali ilipobadilika haikufukuzwa.

Papa amejenga kibanda kando ya barabara, na amelima ule ukanda mwembamba kati ya barabara na seng'enge. Pale Mama alipo hajaruhusiwa kufika. Asubuhi anawasalimia walinzi, anawaeleza shamba hii ilikuwa ya nani na ile ya nani. Wanamuacha aseme. Mumoja wao ameanza kumuuliza maswali.

Nilimusomea barua yako pale nje, tumekaa juu ya mawe. Nilipofika pa ile herufi ya kwanza, alinyanyua mukono nikanyamaza. Halafu akaniambia niendelee, nikaendelea mpaka pa samaki. Alishika jembe, akarudi kulima, na mimi nikabaki pale na karatasi yako kama directeur wa cabinet asiye na waziri. Nilipokuwa naaga ndipo alipofungua kinywa: "Muambie Célestin viazi vitaiva mwezi wa sita."

Ni hayo tu. Wewe uliyesoma lugha za watu mpaka Taipei, hii utaielewa bila mukalimani. Njia ni ndefu, utapitia Kigali, na hakuna atakayekungojea na maua. Mpakani wakikuuliza, usiseme ulikuwa nani. Sema unakwenda kuvuna.

Yaya yako,
Émérance